ELEKTRONI HAIBEBI DHAMBI YA MTU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu wa Ujiji, Kigoma, Uvinza na vijiji vyote vya mwambao, na nyinyi mliotawanyika Dar es Salaam, Bujumbura, Uvira na Maskati. Darsa ya leo ni ndefu. Ukichoka, pumzika, kisha rudi umalizie.

Juma lililopita, baada ya darsa baina ya Maghrib na Isha, kijana mmoja wa kidato cha sita alinisogelea pale mkekani. Akasema: "Shekhe, tumefundishwa shuleni kuwa elektroni haina uhakika. Hata ukikusanya habari zake zote, huwezi kusema itakuwa wapi. Sasa kama kitu kidogo namna hiyo hakijapangiwa, si ina maana na sisi binadamu tuko huru? Na hii habari ya kila kitu kuandikwa, imekaaje?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee wetu mmoja akamjibu kutoka mlangoni: "Mjukuu wangu, ajali haina kinga. Kilichoandikwa kimeandikwa." Watu wakacheka, ikaqimiwa, tukaswali Isha.

Mimi sikucheka. Neno lile la mzee nimewahi kulisema mwenyewe, mahali ambapo sikupaswa kuliishia hapo. Nitakuelezeni huko mbele.

Nikiri kwanza: shule yangu iliishia kidato cha nne, na alama niliyopata ya fizikia nitaifia nayo kimya. Nimeazima kitabu cha huyo kijana, nikamsumbua mwalimu wake siku tatu, na nimerudia vitabu vyetu vya tawhidi. Nimeona tuanze hapa hapa nyumbani, kwa sababu historia ya Ujiji na ziwa letu inatufundisha kuwa kutojua kuna aina zake. Tukizichanganya hizo aina, tutapotea.

*TAREHE ILIYOPOTEA UJIJI*

Kila mgeni anayekuja Ujiji hupelekwa chini ya miembe, kwenye kumbukumbu ya mahali walipokutana Stanley na Livingstone. Muulize: walikutana lini? Atakwambia tarehe 10 Novemba 1871, kama alivyoandika Stanley. Lakini shajara ya Livingstone mwenyewe inaliweka tukio hilo mwishoni mwa Oktoba. Wazungu wawili walipeana mkono siku moja, mahali pamoja, kila mmoja akiwa na tarehe yake! Homa, njaa na miaka ya kutembea viliharibu hesabu.

Cha kufurahisha ni kwamba, ukizipeleka tarehe zote mbili kwenye hesabu ya Hijria, unaangukia mwezi mmoja: Shaaban ya mwaka 1288. Waislamu wa Ujiji waliokuwepo pale walikuwa wanaingojea Ramadhani, wala hawakuhitaji shajara ya mtu kujua mwezi gani uko juu.

Hii ndiyo aina ya kwanza ya kutojua. Siku yenyewe ilikuwepo, moja tu, wala haikuwa na shaka yoyote. Shaka ilikuwa vichwani mwa watu. Ujinga wetu haulifanyi jambo lenyewe kuwa halina uhakika.

*ZIWA LILILOPANDA NA KUSHUKA*

Aina ya pili iko mbele ya macho yetu kila asubuhi.

Burton na Speke walipofika Ujiji, Februari 1858, walitafuta maji ya ziwa hili yanatokea wapi na yanakwenda wapi, na hawakupata jibu. Mwaka 1874 Cameron alivuka hadi ng'ambo ya magharibi akauona Mto Lukuga, karibu na panapoitwa Kalemie leo, ukiwa umesongwa na majani na tope. Mwaka 1876 Stanley akarudi Ujiji na akashangaa: ufukwe aliokuwa akitembea na Livingstone ulikuwa umemezwa, na miti iliyokuwa imesimama sokoni sasa ilikuwa imesimama majini. Ziwa lilikuwa linapanda. Naye akaandika kwamba siku si nyingi maji yataishinda ile taka ya Lukuga.

Ikawa. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore, aliyekuwa akikaa Ujiji, alikwenda Lukuga akaukuta mto umefunguka na maji yanatoka kwa nguvu kuelekea Kongo. Ziwa likaanza kushuka, likashuka takriban mita 10 katika muda usiofika miaka ishirini. Ndiyo maana leo ukisimama chini ya ile miembe, ziwa uliloambiwa lilikuwa jirani unaliona kwa mbali.

Sasa fikirini hali ya mvuvi wa Ujiji wa mwaka 1877. Nyumba inaingia maji, hajui kwa nini, wala hajui mwisho wake. Kwake ni amri isiyo na sababu. Kumbe sababu zilikuwepo, tena za kawaida: mvua, mito kama Malagarasi na Ruzizi inaleta maji, na mlango mmoja wa kutokea umeziba. Sisi wenyewe kuanzia mwaka 2020 tumeona maji yakipanda tena, Gatumba na Uvira watu wakihama, na huku kwetu mahali pa kuanikia dagaa pakigeuka pa kufungia mitumbwi. Wengi tulisema "ni kadari" na tukaishia hapo. Kweli ni kadari. Lakini kadari ya Allah ilikuja kwa mvua na mito, na vitu hivyo hupimika.

Hii basi ni aina ya pili: jambo lina sababu zake na kanuni zake, ila ni nyingi mno na hatuwezi kuzikusanya zote.

*WALIOSEMA MTU NI UNYOYA*

Wapo waliofikiri kuwa ulimwengu mzima ni wa aina hii ya pili. Mwaka 1814 mwanahisabati wa Ufaransa, Laplace, aliandika kwamba lau ingekuwepo akili inayojua mahali pa kila chembe na nguvu zote zinazoisukuma, basi kwa akili hiyo kesho ingekuwa wazi kama jana. Maana yake, chai uliyokunywa leo ilikwisha amuliwa na chembe kabla babu yako hajazaliwa. Hakuna hiari, iko mashine tu.

Ndugu zangu, sisi maneno haya tulikuwa tumekwisha kuyasikia, ingawa kwa njia nyingine. Karne ya pili ya Hijria, Jahm bin Safwan alifundisha kuwa mtu hana uwezo wala utashi, na vitendo anavyoitiwa ni kama mti unavyoitwa kuwa umetikisika. Wafuasi wa rai hii wakaitwa Jabriyya. Kabla yake, huko Basra, Ma'bad al-Juhani alikwenda upande wa pili, akasema mambo huanza upya bila kutanguliwa na qadar. Watu wawili wakasafiri kwenda kumuuliza Abdullah bin Umar, radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake, na habari hiyo ndiyo inayofungua Kitabu cha Imani katika Sahihi Muslim. Hao waliokanusha qadar wakaitwa Qadariyya. (Tahadhari kwa vijana: Qadariyya hao siyo Qadiriyya, tariqa ya dhikri iliyo maarufu hapa Ujiji. Herufi moja tu, lakini umbali ni wa mbingu na ardhi.)

Swali la kijana wangu, kwa hiyo, lina umri wa miaka zaidi ya 1,300. Lililo jipya ni elektroni.

*ELEKTRONI YENYEWE*

Mwaka 1927 Mjerumani Werner Heisenberg alitoa kanuni ya kutokuwa na uhakika. Kwa ufupi: chembe ndogo kama elektroni haiwezi kuwa na mahali pake na mwendo wake vyote viwili vikajulikana barabara kwa wakati mmoja. Ukibana kimoja, cha pili kinalegea.

Wengi hulieleza hili kwa mfano wa taa. Mvuvi akimulika karabai usiku, dagaa wanasogea. Kule kutazama kwenyewe kumewabadilisha. Mfano huu unasaidia, lakini mwalimu alinionya nisiishie hapo. Dagaa walikuwa mahali fulani kabla ya taa kuwashwa. Kuhusu elektroni, wanafizikia wengi wanasema jambo zito zaidi: kabla ya kupimwa, hilo "mahali fulani hasa" halikuwepo.

Chukueni mfano mwingine unaogusa watu wetu. Wapo wagonjwa waliotoka Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa kwa mionzi. Mashine nyingine za mionzi hutumia madini ya kobalti-60. Katika madini hayo, kila baada ya miaka mitano na robo hivi, nusu ya atomu zake huwa zimepasuka. Hesabu hiyo ni ya uhakika kiasi kwamba daktari anapanga kwayo dakika za mgonjwa. Lakini chukua atomu moja, uulize: itapasuka leo au baada ya miaka 30? Fizikia haina jibu. Atomu mbili zinazofanana kwa kila kitu. Moja inapasuka sasa, nyingine inabaki, wala haionekani sababu iliyozitofautisha.

Einstein hakulipenda jambo hili. Alimwandikia mwenzake kwamba haamini kuwa Mungu anacheza dadu. Alitaraji kuna habari iliyofichika, kama zile tarehe za Ujiji. Mwaka 1964 John Bell akaonyesha namna ya kulipima suala hili, na majaribio yaliyofuata yakawapa Aspect, Clauser na Zeilinger tuzo ya Nobel mwaka 2022. Yalibainisha kuwa wazo jepesi, kwamba kila chembe imebeba jibu lake mfukoni bila kuhusiana na chembe ya mbali, halisimami. Zipo tafsiri nyingine, na wenyewe bado wanabishana juu ya maana. Ila walio wengi wanakubali kuwa hapa tuna aina ya tatu ya kutojua. Hapa kutojua hakutokani na usahaulifu wetu wala wingi wa sababu. Vipimo vyote vya viumbe vinagonga ukuta.

Na tuseme wazi: ukuta huo ni wa viumbe. Mja kukosa njia ya kujua si dalili kwamba Mola naye hajui. Katika Suratul-An'aam tumefundishwa kuwa haliangui jani ila Yeye analijua. Anayelijua jani haishindwi na atomu.

*BAHATI NASIBU SI HIARI*

Haya, turudi kwenye swali. Je, elektroni imetupa uhuru?

Wapo wakubwa wa sayansi waliodhani hivyo. Arthur Compton wa Marekani, mwenye tuzo ya Nobel, alifundisha miaka ya 1930 kwamba fizikia mpya haimzuii tena mtu kuamini hiari yake. Hapo mimi sina ugomvi. Ile mashine ya Laplace imevunjika, na anayesema "sayansi imethibitisha kuwa sina hiari" hana tena hoja hiyo.

Lakini kijana wangu aliruka hatua moja. Alidhani kisichopangika kiko huru. Hebu tazama mkono wa mzee mwenye maradhi ya kutetemeka. Huwezi kujua utaruka upande gani. Je, mkono huo uko huru kuliko wako unaoandika? Ukimwaga chai ya jirani, je, mzee atalaumiwa?

Mfano huu si wangu. Imam Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324 Hijria, aliutumia huu huu. Alisema kila mtu anahisi ndani ya nafsi yake tofauti ya mwendo wa kutetemeka na mwendo wa kukusudia. Vyote viwili kaviumba Allah, lakini cha pili mja amekichuma, yaani kimeungana na uwezo na kusudio lake, na ni kwa hicho ataulizwa. Ndiyo *kasb* tunayoisoma.

Sasa elektroni inayorukaruka bila sababu inafanana na mkono upi? Inafanana na mkono unaotetemeka! Kama uamuzi wangu wa kuiba au kutoiba unatokana na atomu iliyopasuka tu kichwani, basi mimi sikuamua. Nimeamuliwa na dadu. Mtumwa wa dadu hana uhuru zaidi ya mtumwa wa mashine. Ndiyo maana sharia imemwondolea kalamu aliyelala, mtoto na mwendawazimu, ingawa vitendo vyao ndivyo vigumu zaidi kubashiri. Tungekuwa tunapima hiari kwa kutobashirika, mwendawazimu angekuwa wa kwanza kuhukumiwa.

Kwa hiyo, mwanangu, fizikia imeacha mlango wazi, lakini haikutuingiza ndani. Hiari yako ijue kwa nia yako, kwa akili unayopima nayo, na kwa ile haya inayokuchoma unapokosea. Wala usiitundike imani yako kwenye kitabu cha fizikia. Mwaka 1814 kilisema hivi, mwaka 1927 kikasema vile. Kisome, kielewe, ufaulu mtihani. Aqida uitafute penye msingi wake.

*MAZISHI NISIYOYASAHAU*

Nilisema nitawaeleza kwa nini sikucheka.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, ndiyo kwanza naanza kushika mimbari. Boti moja ilitoka jioni kwenye mwalo wa kaskazini ya mji, imepakia watu, magunia ya dagaa na mapipa ya mawese kupita uwezo wake. Upepo ulikwisha onekana. Watu walimwambia mwenye boti apunguze. Hakupunguza. Haikufika. Miongoni mwa maiti tuliowazika alikuwemo mtoto wa dada yangu, umri wake miaka kumi na mmoja.

Pale makaburini nikasimama nikazungumza. Nilisema ajali haina kinga, kwamba siku yake iliandikwa kabla hajazaliwa, na Muislamu haulizi kwa nini. Mwenye boti alikuwepo, kainamisha kichwa. Nilipomaliza, nilimwona anakiinua.

Miezi michache baadaye alikuwa na boti nyingine, na inapakia vile vile.

Dada yangu alinijia siku ya hitma. Hakupiga kelele. Aliniambia: "Kaka, umesema Mungu ameandika. Sawa. Mbona hukusema nani alipakia?"

Sikuwa na jibu. Nimeswalisha miaka thelathini tangu siku ile, na neno lile linanifuata.

Niliyoyasema hayakuwa uongo. Niliyasema kwa mtu asiyehusika. Wanazuoni wetu wana kanuni: qadar hutajwa penye msiba, wala haitajwi kutetea kosa. Mama aliyefiwa anaambiwa qadar ili moyo wake utulie, asijile kwa "lau ningemzuia". Aliyepakia boti haambiwi hivyo. Yeye anasomewa Suratun-Nisaa, aya ya 92, ambapo hata anayeua kwa makosa, bila kukusudia kabisa, amewekewa kafara na diya. Tazameni! Sharia imekuta ajali, imejua kuwa ni qadar, na bado ikauliza: nani alifanya? Mimi nilichukua dawa ya mama nikampa mwenye boti.

*UMAR NA MABONDE MAWILI*

Mwaka wa 18 Hijria, Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda, sahaba mkubwa, akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akajibu kuwa ndiyo, wanatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka bondeni: upande mmoja una majani, wa pili mkavu. Akilisha penye majani ni kwa qadar, na akilisha penye ukavu ni kwa qadar. Lakini mchungaji mwenye akili anajua apeleke wapi. Kisha Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafiki uamuzi huo.

Umar hakujua nani atakufa na nani atapona. Kutojua huko hakukumfanya akae. Aliliona lililo mkononi mwake, akalifanya.

Nimalizie kwa meli yetu. Liemba iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, Wajerumani walipoona mji unawaponyoka, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini mafundi wake kwanza waliipaka mitambo grisi nene, ili siku moja iweze kuinuliwa. Hawakujua kama siku hiyo ingefika. Waingereza waliiinua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927, mwaka ule ule wa Heisenberg. Na Mei 2015, ndugu zetu wa Burundi walipokwama kwa maelfu pale Kagunga, kipindupindu kikiwaandama, Liemba hiyo hiyo iliwabeba ikawaleta Kigoma.

Nani kati ya mafundi wale wa 1916 alijua? Hakuna. Wao walikuwa wanaiwekea nchi yao meli ya vita, na nia yao ni hesabu yao. Matokeo hayakuwa yao hata kidogo. Grisi ndiyo ilikuwa yao.

Ndivyo tulivyo sote, ndugu zangu. Upepo wa kesho si wako. Elektroni si yako. Lililoandikwa huna nakala yake. Lako ni idadi ya watu unaowapakia, jaketi la kuokolea unalomvisha mtoto, na kuvunja safari unapoona wingu limekaa vibaya upande wa Kongo. Hilo utaulizwa, wala hakuna chembe itakayosimama kukujibia.

Mzee wangu wa mlangoni, nakuheshimu na naomba radhi yako. Ajali haina kinga, lakini uzembe unayo. Na mwanangu wa kidato cha sita, Ijumaa njoo na kitabu chako, sura ya mionzi bado haijaniingia.

Ewe Mola, warehemu waliozama katika ziwa hili, uwape subira waliobaki, na utusamehe sisi tuliosema nusu ya haki tukadhani tumemaliza. Amin.

Wallahu a'lam.